Mbinu ya Gunia la Chai

Mimi nilitaka Ruiru. Naanza na hilo ili mtu asifikiri nilikuwa nagombania sifa. Kiwanda chetu cha vyakula vya mifugo kilikuwa Thika, kule Eneo la Viwanda, na mimi nilikuwa nimepanga nyumba Mugutha, na mtoto wangu wakati huo alikuwa amejifunza kusimama kwa kushikilia kiti cha jirani, si changu. Jirani ndiye aliyeniambia. Nilirudi jioni nikapewa habari hiyo mlangoni, kama ni mtoto wa mtu mwingine amesimama, na nikasema asante. Basi niliposikia kiwanda kinafungua stoo ya kununulia mahindi Ruiru, karibu na reli, na kwamba stoo hiyo itawekwa kompyuta, na kompyuta itahitaji mtu, nilijua mtu huyo ni mimi. Kutoka pale ningeenda nyumbani kwa miguu saa ya chakula cha mchana.

Shida ilikuwa moja, na ilikuwa imekaa kiti cha pili ndani ya chumba cha kompyuta.

Tulikuwa waandishi wa programu wawili tu. Mimi ndiye niliyetangulia. Nilikuwa nimesomea kompyuta katika chuo kidogo hapo Thika mjini, juu ya duka la viatu, na nilipoajiriwa nilikuta kiwanda kina mashine moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Mimi ndiye niliyekifunua kile kitambaa. Yeye alikuja baadaye, kutoka chuo kikuu, msichana wa Nairobi, mrembo wa kawaida tu, lakini mwenye ile tabia ya kusalimia kila mtu mpaka askari wa geti anaanza kumngojea asubuhi. "Sasa, sista," aliniambia siku ya kwanza. Nikamjibu, "Mzuri," nikageukia kazi yangu. Nilijua siku hiyo hiyo kwamba hatutaelewana, yaani mimi sitaelewana naye, kwa sababu yeye hakuwa na shida na mtu.

Wacha nieleze kazi kidogo, kwa maana bila hiyo wivu wangu hautaeleweka, na ulikuwa wivu wa haki. Programu yetu tuliiandika kwa lugha ya C plasi plasi. Katika lugha hiyo kila kitu cha kiwanda unakiandikia klasi yake, maelezo kwamba kitu hiki ni nini na kinajua kufanya nini. Mkulima ana klasi yake, lori lina yake, rundo la magunia kule stoo lina yake. Yale ambayo kitu kinajua kufanya tuliyaita mbinu. Na klasi za kazi moja tuliziweka pamoja katika moduli: moduli ya kupokea mahindi, moduli ya stoo, moduli ya mauzo, moduli ya geti. Kila moduli ilikuwa kama chumba chenye mlango wake, na ya chumba hiki hayakuonekana katika chumba kile mpaka mtu ayatoe.

Mbinu yangu mimi, ile niliyoipenda, ilikuwa ndani ya moduli ya kupokea. Kazi yake ilikuwa kukata maji. Mkulima akileta mahindi yanapimwa unyevu, na kama hayajakauka vizuri kilo zake zinapunguzwa kulingana na maji yaliyomo. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule anaiweza. Lakini pale kwenye mizani yetu kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Gunia la mwisho la kila mkulima halikatwi. Linapimwa, uzito wake wote unahesabiwa, mpimaji anasema, "Hili ni la chai," mkulima anacheka, wanaachana vizuri. Aliyeianzisha hakuna anayemjua. Kabla yangu walikuja watu wa Nairobi na programu ya kununuliwa, nzuri sana, ina rangi, ikakata maji mpaka gunia la mwisho. Wakulima walikaa juu ya magunia yao hapo getini wakakataa kushusha, na wale watu wakafunga mashine zao wakaenda.

Mimi nilijua la chai kwa sababu mama yangu analima Murera na amekunywa hiyo chai tangu nikiwa mdogo. Niliiandika ndani ya mbinu, mistari michache tu, na hakuna mkulima aliyekalia gunia tena. Mhasibu mkuu, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wetu, aliniita mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye anajua hii kiwanda." Nilitembea na hayo maneno muda mrefu sana.

Sasa huyu msichana akapewa moduli ya stoo. Stoo pia inahitaji kukata maji, ili ijue ina mahindi kiasi gani ya kweli. Mtu mwingine angekuja kuniuliza. Yeye aliandika hesabu yake mwenyewe, safi, fupi kuliko yangu, na mimi nikaangalia nikanyamaza. Haikupita muda mwenye stoo, mzee mmoja mpole aliyekuwa na kikohozi cha vumbi, akaja mlangoni kwetu amekasirika mpaka kikohozi kimemwisha. Kupokea kunasema mahindi ni haya, stoo inasema ni pungufu, na pungufu hilo liko kila siku, na watu wameanza kumwangalia vibaya. "Mimi sijawahi kuiba hata mkono wa mahindi," alisema.

Mhasibu akatuita wote wawili. Nilieleza mimi, na sitasema sikufurahia. Nilisema mwenzangu hakuweka gunia la chai, kwa hivyo stoo yake inakata maji hata pale ambapo kupokea hakukati. Msichana akanigeukia. "La chai ni gani?" akauliza. Nikamwambia, "Ni desturi tu ya hapa." Mhasibu hakuangalia upande wangu kama nilivyotegemea. Aliuliza swali ambalo liliniudhi kwa sababu lilikuwa swali zuri. "Kwa nini hesabu moja mmeiandika mara mbili? Na mauzo ikitaka, mtaandika ya tatu? Na Ruiru ikifunguliwa?"

Hapo ndipo kitumbua changu kilipoanza kuingia mchanga. Alisema anataka mbinu ya kukata maji iwe moja, itumiwe na moduli zote, kila mmoja wetu alete njia yake kabla mwezi haujaisha. "Nikishaona hizo kazi," akasema, "nitajua nani anakaa hapa na nani anaenda Ruiru." Mimi nilisikia kwamba mshindi anaenda Ruiru. Mtu yeyote angesikia hivyo.

Njia yangu ilikuwa wazi. Katika lugha ile klasi inaweza kuzaa klasi nyingine, na mtoto anarithi mbinu za mama yake bila kuandikiwa upya. Nikaandika klasi moja kubwa, mama wa kila kitu kinachopimwa, nikamwekea uzito wake, magunia yake na mbinu yangu ya kukata maji. Rundo la stoo nikalifanya mtoto wake, mzigo wa mauzo mtoto wake, lori mtoto wake. Nilifurahi nikiandika. Niliona kiwanda chote kikiwa watoto wa kitu changu.

Njia yake sikuielewa mara moja, na aliniambia bila kuficha, ndiyo tabia yake. Anataka kuandika klasi ndogo ambayo si mama wa mtu. Haina uzito, haina gunia, haina chochote cha kwake isipokuwa ile mbinu. Kila klasi inayoitaka itaialika ndani, na ikishaingia itatumia uzito wa mwenyewe na magunia ya mwenyewe. "Kama fundi anayekuja na vifaa vyake lakini mbao ni zako," alisema. Nikamwambia sawa. Ndani yangu nilikuwa nachekelea, kwa sababu nilishaona shimo atakalotumbukia.

Shimo lilikuwa mauzo. Mahindi yakizidi, kiwanda kilikuwa kinawauzia wenye posho mill, wale wa mashine za kusaga unga. Sasa, mkulima anayetuletea tunamwachia gunia la mwisho bila kukata maji, ni heshima. Lakini mwenye posho mill anayenunua kwetu tukimwachia gunia la mwisho bila kukata, tumemlipisha maji. Ni tusi. Kwa hivyo msichana akibeba mbinu yangu nzima nzima na kuialika kila mahali, la chai litaingia mpaka mauzo, na siku ya kuonyesha ataaibika mbele ya mhasibu. Mimi kwenye klasi yangu ya mama nilikuwa nimeshaweka kizuizi cha mauzo. Yeye hakujua hata la chai lilitoka wapi. Nilimwona akisoma mistari yangu, kidole kwenye skrini, midomo ikicheza, na nikamwacha asome. Ni kazi yake, hakuna aliyeniajiri nimfundishe.

Wiki hiyo mama akaleta mahindi. Mimi nilikuwa ofisi ya mhasibu, kuna fomula ya chakula cha kuku ilikuwa inasumbua, na nilipotoka nikaambiwa mama yako amekuja, amepimiwa na ameshaenda. Nikauliza kwa nini sikuitwa. Askari wa geti akasema, "Lakini mwenzako alikuwa na yeye wakati wote. Wamekaa pale kwenye magunia wakiongea kama wanajuana." Nikarudi chumbani. Msichana alikuwa amekaa kwenye mashine yake, ana unga wa mahindi kwenye sketi. "Mama yako ni mtu poa sana," akaniambia. Nikawasha mashine yangu.

Jumapili nilimbeba mtoto nikaenda Murera. Huwa sikai sana kwa mama. Tangu niajiriwe nilikuwa nimeacha ngwatio, ile kazi ya wanawake kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kila mmoja anakuja na jembe lake. Mama alikuwa bado anaenda, na jembe langu lilikuwa limekaa nyuma ya mlango wa jikoni na mpini ule nilioupasua nikiwa darasa la saba nikaufunga waya. Siku hiyo halikuwa nyuma ya mlango. Lilikuwa nje, limeegemezwa kwenye ukuta, likiwa na udongo mbichi.

"Yule rafiki yako alikuja jana," mama akasema, akimchukua mtoto.

"Rafiki gani?"

"Wa kazini. Nilimwambia kwenye mizani aje aone ngwatio, nikadhani ni maneno tu, na akakuja. Hajui kushika jembe, lakini hachoki. Nimempa lako." Mama alicheka peke yake akikumbuka kitu. "Anauliza maswali, huyo. Ameuliza tukifika kwa mtu nani anasema tuanzie wapi. Nikamwambia, mwari wakwa, ni mwenye shamba. Sisi tunaleta jembe na mikono. Mbegu ni zake, mistari ni yake, na kama kuna kona hataki iguswe anatuambia."

Mwari wakwa. Binti yangu. Mimi mama huniita hivyo nikiwa mgonjwa, na tena homa lazima iwe kali.

Niliona wivu ambao sijawahi kuuona tena, na nimeona mwingi. Kuna wivu wa mtu kukuzidi akili, huo unaweza kuumeza na chai ya asubuhi. Huu ulikuwa wa mtu kuingia nyumbani kwenu, kushika jembe lako mahali ulipolifunga waya kwa mkono wako, na nyumba kumkubali bila hata kuuliza wewe uko wapi. Nilimuuliza mama walizungumza nini tena. Akasema ameulizwa kuhusu gunia la chai. "Nimemwambia la chai si la gunia, ni la mtu. Mtu akileta, anaachiwa. Mtu akichukua, haachiwi. Kwani wewe hukumwambia?" Nikasema mtoto amelala, wacha nitoke kabla ya mvua. Hakukuwa na mvua.

Siku ya kuonyesha ilifika. Tulikuwa chumbani mhasibu, mwenye stoo na sisi wawili. Nikaanza mimi. Kupokea kukaenda vizuri, stoo ikaenda vizuri, hesabu zikalingana na mwenye stoo akakohoa kwa furaha. Mauzo yakaenda vizuri. Nikafika geti, kwa lori, na mashine ikagoma. Lori lilikuwa tayari ni mtoto wa klasi nyingine, ya magari, na klasi hiyo ya magari ilikuwa na uzito wake, uzito wa gari likiwa tupu. Mimi nilikuwa nimelipatia lori mama wa pili mwenye uzito wake pia, wa mahindi. Mashine haikujua ni uzito upi ninaotaka, na ile lugha ikishindwa kuchagua haikisii, inakataa tu. Usiku uliopita nilikuwa nimelijaribu lori peke yake bila geti, likakubali. Nilijaribu kurekebisha hapo hapo, watu wakiwa nyuma yangu, na kila nilipoziba huku kulipasuka kule. Mhasibu akasema, "Sawa, tumeona mwelekeo." Hayo ni maneno ya kumfunika mtu.

Akaingia yeye. Klasi yake ilikuwa ndogo mpaka ikanikera. Kupokea, sawa. Stoo, sawa. Lori, sawa, kwa sababu klasi yake haikuja na uzito wa kugombana na uzito wa mwenyewe. Nikavuta kiti karibu nikingojea mauzo. Alifungua mauzo, akaingiza mzigo wa mtu wa posho mill, na mimi nikaangalia gunia la mwisho. Lilikatwa maji. Nikaangalia tena. Lilikatwa maji vizuri kabisa, kama mengine.

"Mbinu ni ile ya sista," akamwambia mhasibu, "mimi sijaibadilisha hesabu. Nimetoa tu la chai nje. Sasa mbinu ikialikwa mahali, kabla ya kukata inamuuliza mwenyewe: wewe una gunia la chai? Kupokea inasema ndiyo. Stoo inasema la kwangu ni lile la kupokea. Mauzo inasema sina. Kila mmoja anajibu kwake." Kisha akaeleza ngwatio. Alieleza yote, wanawake wa Murera, jembe na mikono, mbegu za mwenyewe, kona ambayo mwenye shamba hataki iguswe. Mhasibu, ambaye alikuwa mtu wa Gatanga na mama yake alikuwa kwenye ngwatio maisha yake yote, aliweka kalamu chini. Alicheka akatikisa kichwa. "Nani amekufundisha ngwatio, wewe wa Nairobi?"

"Mama yake," akasema, akinionyesha mimi, na tabasamu lote usoni.

Hakuniibia. Nimejaribu mara nyingi kusema aliniibia na siwezi. Alitaja mbinu kuwa yangu, alitaja mama kuwa wangu, mbele ya wote. Angenyamaza ningekuwa na la kushika. Nilikaa pale nikijua kwamba hayo maneno yalikuwa yangu ya kusema, kwamba mimi ndiye niliyelala utoto wangu kwenye kivuli cha majani ya ndizi huku ngwatio ikilima, na sikuwahi kufikiria kuyaleta kazini.

Kesho yake mhasibu aliniita peke yangu. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa nimemwambia hata jirani kwamba Ruiru imeenda na maji, aendelee tu kumshika mtoto. Mhasibu akanipa kiti.

"Wewe utaenda Ruiru," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Nina hakika. Yule siwezi kumtoa hapa. Sasa moduli zote zimealika kitu chake, kikipata shida nani atakishika? Lakini wewe ukitoka, hapa kazi itaendelea tu bila matata." Alisema hivyo kwa wema, kama mtu anayekutua mzigo kichwani. Akaongeza kwamba anajua nina mtoto mdogo Mugutha na itanisaidia. Nikamshukuru. Nilitoka nikapita mbele ya chumba chetu na mlango ulikuwa wazi, na watu watatu walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake wakingoja zamu ya kumuuliza kitu. Mahali pa kiti changu palikuwa pameshawekwa kabati la faili.

Basi nilipata nilichotaka. Ruiru nilikuwa na chumba chenye dirisha, na saa ya chakula cha mchana nilienda nyumbani. Mtoto alipotembea hatua zake za kwanza alizitembea kuja kwangu, kutoka kwa jirani mpaka miguuni pangu, na nililia. Hiyo ilikuwa yangu. Lakini mchana nikirudi kazini nilifungua programu, na kila mkulima aliyepimwa alipimwa kwa mbinu ya yule msichana, ikimuuliza kila mwenyewe una la chai, na ikijibiwa vizuri, kila mara. Sikuwahi kuikuta na kosa. Niliitafutia kosa kwa bidii ambayo kama ningeiweka mahali pengine ningekuwa mtu mkubwa.

Mama alianza kuleta mahindi Ruiru kwa sababu ni karibu, na kwa sababu mjukuu alikuwa karibu. Siku ya kwanza alisimama pembeni ya mizani, mtoto mgongoni, akiangalia karatasi ikitoka kwenye mashine. Aliisoma polepole kwa kidole mpaka chini, akafika gunia la mwisho.

"Halijakatwa," akasema.

"Ni la chai," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeandika hiyo, mwanzo kabisa."

"Najua, ulinisomea ulipoiandika." Akaikunja karatasi akaiweka kifuani. "Na yule msichana, hakuletwa huku pamoja na wewe?"

"Amebaki Thika."

"Pole. Jumamosi ngwatio ni kwangu. Mwambie aje mapema."

Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Nilikuwa na simu mezani, nilizungumza naye Alhamisi kuhusu mambo ya kazi na tena Ijumaa, akaniuliza mama hajambo, nikasema hajambo, tukakata. Nilikuwa nimeamua nitakwenda mimi. Nimekaa nje ya ile ngwatio vya kutosha, nilijiambia, na kama ni jembe na mikono, mimi nilikuwa na vyote viwili kabla yake. Jumamosi nilimwachia jirani mtoto, nikavaa gumbuti na leso kuukuu kichwani, nikaingia Murera asubuhi wakati umande haujakauka.

Niliwaona kutoka barabarani. Wanawake walikuwa wameshaanza, mstari mmoja kuvuka shamba, migongo imeinama pamoja, na mama katikati yao. Upande wake wa kulia, mahali nilipokuwa nikisimama mimi nikiwa msichana, alikuwa yeye. Hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa zamu ya mama, na anayelimiwa leo alilima jana, na yeye alikuwa amehudhuria zote, kwa kila mmoja wao, Jumamosi baada ya Jumamosi, huku mimi nikidhani anapumzika Nairobi. Aliniona akanyoosha mkono. "Niaje, sista," akaita, na kina mama wakacheka kwa vile sasa wote walikuwa wamezoea kusalimiwa hivyo. Aliinua jembe kidogo ili nione. Lilikuwa lile la waya. Mahali nilipokuwa nimefunga vibaya alikuwa amefunga upya.

Nilienda mpaka kwa mama, nikasimama mbele yake kwenye udongo ambao haujalimwa, mikono mitupu.

"Nimekuja," nikasema. "Nilime na nini?"

Mama hakuinua kichwa. Mstari ulikuwa unasonga na hakutaka kuuchelewesha.

"Azima la jirani," akasema, "na uanzie kule mwisho."